Hisabati katika Utumishi wa Mji na Milima
Mhadhara mbele ya wanafunzi wa shahada za juu wa Uvira na wa nyanda za Rurambo



Nimeombwa niseme nanyi juu ya akili bandia, kompyuta na hisabati, na juu ya manufaa ambayo mwanafunzi wa uzamili au wa uzamivu aweza kuyachuma katika elimu hizo. Jambo lenyewe ni pana, na dunia imelijaza sifa na hofu kwa kadiri moja. Kwa hiyo sitalizunguka lote, bali nitashika neno moja na kulithibitisha kwa mambo yaliyotendeka katika nchi hizi zetu. Neno hilo ni kwamba hisabati huanza kutufaa siku ile mtu mwaminifu anapoandika kila siku, pasipo kukosa, jambo lile lile kwa kipimo kile kile. Na kwamba mashine, hata ikiwa na nguvu za ajabu, haiwezi kuzaa ukweli ambao hakuna mtu aliyeuandika. Wazee walikwisha kutuusia kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na ninyi mtaona ya kuwa wasia huo haukuwahusu wafanya biashara peke yao.

Mtu asidhani kwamba kuhesabu kwa kuandika ni desturi iliyoletwa kwetu jana. Mwaka 1950 Jean de Heinzelin, mtaalamu wa miamba kutoka Ubelgiji, alipokuwa akichimba Ishango, pale ambapo mto Semliki unatoka katika ziwa Edward, katika mashariki ya Kongo hii yetu, alipata mfupa mdogo uliochanjwa alama 168 zilizopangwa katika safu tatu, safu mbili zikiwa na alama 60 kila moja na ya tatu ikiwa na 48. Umri wa mfupa huo hukadiriwa kuwa karibu miaka 20,000. Wako wanaosema ni hesabu ya siku za mwezi, na wako wanaosema ni mazoezi ya kujumlisha na kuzidisha; lakini wengi wanaona kwamba mtu yule hakuchanja ovyo, bali alitunza kumbukumbu. Kadhalika katika karne ya 9, mjini Baghdad, Muhammad bin Musa al-Khwarizmi alipoandika kitabu chake mashuhuri cha aljebra, alieleza wazi kwamba alikusudia kuwasaidia watu katika mirathi, wasia, madai, biashara, upimaji wa ardhi na uchimbaji wa mifereji. Na sehemu kubwa ya kitabu hicho ni masuala ya mirathi matupu. Basi mwanafunzi anayeona haya kuitumia hisabati yake katika mambo ya maji, samaki na muhogo, na ajue kwamba wakubwa wa elimu hiyo hawakuona haya.

Sasa niwaleteeni mfano wa hapa hapa Uvira, ambao naamini kila mwanafunzi wa mji huu angepaswa kuujua kwa moyo. Kipindupindu kimekaa katika mji wetu kwa miaka mingi, kikipanda na kushuka bila kuhama. Maji ya bomba tunayopewa na REGIDESO, shirika la maji la taifa, huchotwa katika mto Mulongwe, husafishwa, kisha husukumwa kwa umeme. Umeme ukikatika, au mvua ikiujaza mto tope, mabomba hukauka, na akina mama na watoto huchukua ndoo na bidoni zao wakaenda kuchota ziwani au mtoni. Hayo kila mkaazi aliyajua, na wengi walisema kwamba maji yakikosekana ugonjwa hufuata. Lakini neno la sokoni, hata likiwa la kweli, halimtoshi waziri wala mfadhili, kwa kuwa halisemi ni kwa kadiri gani, wala halisemi kama kosa ni la bomba lililokauka au ni la mvua ile ile iliyoleta tope na kueneza uchafu kwa wakati mmoja.

Mwaka 2015 Aurélie Jeandron, wa Chuo cha London cha Usafi na Tiba ya Nchi za Joto, pamoja na wenzake, wakiwamo Wakongo wanaofanya kazi hapa, walitangaza katika jarida la PLOS Medicine uchunguzi uliojibu swali hilo. Hawakuleta mitambo ya ajabu. Walichukua daftari mbili zilizokuwa zikiandikwa na watu wasiojuana kazi: daftari ya kituo cha kutibia kipindupindu, yenye wagonjwa 5,745 walioshukiwa kuwa na ugonjwa huo tangu Januari 2009 hata Desemba 2014, na hesabu ya maji yaliyopelekwa mjini kila siku katika miaka hiyo hiyo. Wakaziweka daftari hizo bega kwa bega, siku kwa siku, wakazingatia pia mvua na majira ya mwaka, wakatafuta ni nini kilichofuata baada ya siku ya ukame wa mabomba. Wakaona ya kwamba baada ya siku moja isiyo na maji, idadi ya wagonjwa walioshukiwa katika siku 12 zilizofuata iliongezeka kwa wastani wa 155 kwa mia, yaani pale ambapo wangalitarajiwa wagonjwa 20 wakaja 51. Na kwamba asilimia 23.2 ya wagonjwa wote wa daftari ile iliweza kuhesabiwa kuwa imetokana na kupungua kwa maji ya bomba. Asilimia hiyo, wapendwa wanafunzi, ni watu zaidi ya 1,300 wa mji huu.

Ningependa mtafakari kwa utulivu namna hesabu ile ilivyojengwa. Kwanza, mgonjwa hafiki hospitalini siku ile ile anayokunywa maji mabaya, kwa kuwa kipindupindu huchukua tangu saa chache hata siku tano kujidhihirisha, na kisha mgonjwa huyo huweza kuwaambukiza wengine. Kwa hiyo mhesabu hana budi kuiachia athari nafasi ya kutawanyika katika siku nyingi, wala asilinganishe leo na leo peke yake. Kwa hesabu za namna hii Antonio Gasparrini alitengeneza programu iitwayo dlnm, inayofanya kazi ndani ya programu ya takwimu iitwayo R, nayo hupatikana bila malipo, na kompyuta ya kawaida yatosha kuiendesha. Pili, ilipasa mvua itengwe na ukosefu wa maji, maana mambo mawili yanayokwenda pamoja humdanganya mtu akadhani moja ni sababu ya jingine. Tatu, na hili ndilo kubwa, hesabu yote ingalikuwa batili falau mwandishi wa kituo cha wagonjwa angaliacha kuandika wakati wa wingi wa kazi, au mtunza mitambo ya maji angaliandika mwisho wa mwezi kwa kukisia. Waandishi hao wa kila siku, ambao hawakuitwa wataalamu, ndio walioweka msingi. Waliokuja na hisabati walijenga juu yake. Nami naona insafu yataka tuwahesabu wote kuwa wachunguzi.

Nikitoka katika maji niingie shambani, kwa kuwa huko ndiko akili bandia, kwa maana ile watu wanayoikusudia leo, ilikotufikia mapema. Muhogo ni chakula chetu, na maradhi mawili yanayouharibu zaidi katika Afrika ya Mashariki ni batobato na michirizi ya kahawia, ambayo yote mawili huletwa na virusi. Mwaka 2017 Amanda Ramcharan, David Hughes, James Legg na wenzao walitangaza kwamba wamefundisha kompyuta kuyatambua maradhi ya muhogo kwa kuionyesha picha za majani zilizopigwa Tanzania, nayo ikapata usahihi wa 93 kwa mia katika picha ambazo haikuwahi kuziona. Katika kazi hiyo ikatoka programu ya simu iitwayo Nuru, inayosema na mkulima kwa Kiswahili na kufanya kazi hata pasipo intaneti. Nao watengenezaji, kwa uaminifu unaostahili sifa, walirudi shambani wakaipima tena, na mwaka 2019 wakaeleza kwamba uwezo wake ulipungua pale dalili za ugonjwa zilipokuwa bado hafifu. Mashine iliyofundishwa kwa majani yaliyougua sana haikuwa imeyajua vema majani yanayoanza kuugua, ilhali hayo ndiyo mkulima anayotaka kuyajua mapema. Modeli, yaani mashine iliyofundishwa hivyo, ni kama wavu wa ndagala: kilichopita katika matundu yake hakikukosekana ziwani, bali wavu haukusukwa kwa ajili yake.

Hapa pana hesabu ndogo ambayo kila mwanafunzi wa shahada ya juu anapaswa kuifanya kwa mkono wake kabla ya kuamini mashine yoyote. Tuseme katika shamba la Rurambo pana miche 1,000 ya muhogo, na 50 tu ndiyo yenye ugonjwa. Na tuseme mashine yetu husema kweli mara 90 katika 100, kwa mche mgonjwa na kwa mche mzima pia. Katika miche 50 iliyougua itaikamata 45. Lakini katika miche 950 iliyo mizima itaisingizia 95 kuwa ina ugonjwa. Jumla ya miche itakayotajwa ni 140, na iliyo migonjwa kweli kati yao ni 45 tu, yaani chini ya thuluthi moja. Mkulima akiing'oa yote kwa kufuata neno la mashine yenye sifa ya 90 kwa mia, ataharibu miche mizima 95 ili kuondoa migonjwa 45. Kanuni hii imejulikana tangu maandishi ya Thomas Bayes yalipotolewa Uingereza mwaka 1763, wala kompyuta haikuibatilisha. Kwa hiyo mtu akiwaambieni kwamba chombo chake kina usahihi wa kadha wa kadha, mwulizeni upesi: usahihi katika nani, na walio wagonjwa ni wangapi katika wale unaowapima?

Kutoka shambani natazama ziwa. Tanganyika ina kina cha mita zipatazo 1,470 na eneo la kilomita za mraba karibu 32,900. Kwa hiyo ziwa likipanda mita moja tu, limeongezewa maji ya kilomita za ujazo karibu 33. Mwaka 2021, na tena mwaka 2024, tuliliona likipanda hata likaingia katika nyumba na barabara, kwetu na kwa jirani zetu wa Bujumbura na Gatumba. Hesabu ya jambo hilo, kwa asili yake, ni ya kujumlisha na kutoa: mvua inayoanguka juu ya ziwa na maji ya mito kama Ruzizi huingia, sehemu kubwa ya yanayotoka huchukuliwa na jua kwa mvuke, na sehemu ndogo hutoka kwa mto Lukuga, karibu na Kalemie. Mwanafunzi akiwa na vipimo vya kila siku vya kina cha maji, na vya mvua, na vya joto na upepo, ataweza kuikadiria hesabu hiyo kwa miezi ijayo, na kuupa mji muda wa kuhamisha vitu vyake. Asipokuwa na vipimo hivyo, programu yake nzuri itakadiria tupu juu ya tupu.

Hata juu ya samaki shahidi yupo. Mwaka 2003 Catherine O'Reilly na wenzake katika jarida la Nature, na Piet Verburg na wenzake katika Science, walionyesha kwamba joto la ziwa limepanda katika karne ya 20, na kwamba maji ya juu yakipata joto huwa mepesi, yasichanganyike vema na maji ya chini yenye rutuba, hata chakula cha samaki kikapungua. O'Reilly na wenzake walikadiria kwamba uzazi wa chakula hicho majini ulipungua kwa asilimia zipatazo 20, jambo ambalo laweza kuwa limepunguza mapato ya samaki kwa asilimia 30 hivi. Lakini wangalijuaje kwamba joto limepanda? Walijua kwa kuwa mwaka 1913 walikuwapo watu walioteremsha vipimajoto majini na kuandika walichokiona, wakaacha karatasi zao zikihifadhiwa. Miaka 90 baadaye karatasi hizo zikawa hoja. Nanyi mnacho hapa mjini Kituo cha Utafiti wa Viumbe wa Majini, CRH, ambacho mizizi yake ni katika siku za IRSAC, taasisi ya utafiti wa kisayansi iliyoanzishwa mwaka 1947. Kuzisoma karatasi za zamani za kituo cha namna hii, kuzinakili katika kompyuta na kuzisahihisha kwa uangalifu ni kazi inayostahili shahada ya uzamili, na aliyeifanya vema ametoa mchango ambao wachunguzi wa ziwa watautumia kwa miaka mingi.

Nimeweka milima mwisho, kwa kuwa ndiyo iliyosahauliwa. Mnakumbuka mwezi wa Aprili 2020, mito ya Uvira, Mulongwe ikiwa mbele, ilipofurika ikachukua watu kwa makumi na nyumba kwa maelfu. Mnakumbuka pia Mei 2023, vijiji vya Bushushu na Nyamukubi katika eneo la Kalehe, ambako mamia ya watu waliangamia katika siku moja ya mafuriko na maporomoko. Maji yanayoua mjini huanguka kwanza milimani. Bonde lenye kilomita za mraba 50 likinyeshewa milimita 60 za mvua limepokea mita za ujazo 3,000,000 za maji, na sehemu ya maji hayo, udongo ukiwa umekwisha kushiba, itashuka mjini katika muda wa saa chache. Ni saa hizo chache tunazoweza kuziokoa. Chombo cha kupimia mvua kinaweza kuwekwa katika uwanja wa shule, na mwalimu akaandika kila asubuhi saa moja, akijua kwamba milimita moja ni lita moja ya maji juu ya kila mita moja ya mraba. Simu yake ikipata mtandao, hesabu hiyo yaweza kufika Uvira kabla ya tope. Fauka ya hayo, picha za rada za satelaiti ya Sentinel-1, iliyorushwa mwaka 2014, huona usiku na mchana na kupenya mawingu, nazo hutolewa bure kwa kila mtu. Kwa hizo mwanafunzi huweza kutambua mahali ardhi iliporomoka na mahali maji yalipotuama. Lakini picha ya angani inahitaji shahidi wa chini, mtu wa Rurambo atakayesema: hapa ni kweli pamebomoka, na hapo ni shamba lililolimwa upya. Akili bandia iliyofundishwa bila shahidi huyo itachanganya jembe na maangamizi.

Hapa sina budi kunena neno la amana. Milima yetu imeona vita na uhamaji, na watu wa makabila mbalimbali wanaishi humo wakiogopa. Ramani ya vijiji, ya malisho ya ng'ombe au ya njia za watu, ambayo kwa mtafiti ni kielezo kizuri cha kazi yake, ikiangukia mikononi mwa mwenye silaha huwa ni mwongozo wa kudhuru. Msikusanye habari za mtu bila ridhaa yake. Msiandike jina pale ambapo namba inatosha. Msitangaze mahali pa watu pale ambapo wastani wa wilaya unatosha. Na kama faida ya uchunguzi ni ndogo na hatari yake ni kubwa, uacheni. Mgonjwa aliyeandikwa katika daftari ya hospitali aliandikwa ili atibiwe, na anayeichukua habari yake kwa hesabu amechukua deni.

Juu ya mashine zile zinazojibu maswali na kuandika, ambazo tangu ChatGPT ilipotolewa mwezi wa Novemba 2022 zimeingia katika kila chuo, nitasema kwa ufupi. Zinafaa kusahihisha programu iliyokosewa, kufafanua kanuni ngumu, na kumsaidia mtu kusoma makala ya lugha asiyoijua vema. Hazifai kuwa shahidi, maana zimejifunza kutokana na maandishi, na maandishi juu ya Rurambo ni machache mno. Mkiziuliza habari zake zitajibu kwa ufasaha hata pale zisipojua. Kiswahili chetu kimeanza kupata nafasi katika mashine hizo, lakini Kifuliiru, Kivira na Kibembe karibu hazimo kabisa. Kukusanya sauti na maandishi ya lugha hizo, kwa idhini ya wenyewe, ni mlango ulio wazi kwa mwanafunzi wa lugha na mwanafunzi wa kompyuta wakifanya kazi pamoja. Na wanaotaka kuongeza elimu hawana haja ya kuvuka bahari: taasisi ya hisabati ya AIMS, iliyoanza Afrika ya Kusini mwaka 2003, ina chuo mjini Kigali, na huko ndiko ilikofunguliwa mwaka 2018 shahada ya uzamili ya Kiafrika katika elimu ya akili ya mashine.

Basi nahitimisha kwa ombi. Kila mmoja wenu, kabla ya kuchagua programu au modeli atakayoitumia katika tasnifu yake, na achague kwanza daftari: ya wagonjwa, ya maji, ya mvua, ya samaki wanaotua bandarini Kalundu, au ya mavuno ya shamba moja. Kama daftari hiyo ipo, aende akaisome pamoja na anayeiandika, na jina la mwandishi huyo alitie katika shukrani za kazi yake. Kama haipo, aianze yeye, aiandike katika majira ya mvua na ya kiangazi, na amfundishe mwingine kuiendeleza atakapoondoka. Mkifanya hivyo, hisabati mliyojifunza itawatumikia watu waliowasomesha; msipofanya hivyo, watakuja wengine kutoka mbali kutuhesabia maisha yetu, nasi tutasoma habari zetu katika vitabu vyao.